Ufa Usio Wenyewe

Vilikuja kwa posta, viwili ndani ya bahasha moja,
vyeusi, vya plastiki, kila kimoja sawa na kopo
la mafuta ya mgando ninayompaka Denzil visigino.
Kimoja sebuleni, kimoja chumba cha kulala.
Miezi mitatu. Msivifungue, msivisogeze,
ishini kama mnavyoishi.

Denzil alicheka hadi akakohoa.
"Miaka ishirini na minane nimechimba bati
chini ya kijiji hiki, vumbi nikilila na mkate.
Hewa ya nyumbani ndiyo pumziko langu.
Waipimie nini?"

Mimi si mtaalamu. Namwogesha, nampikia uji wa shayiri,
naandika saa za dawa kwenye daftari.
Ila nilikuwapo ukumbini Trenwarra, Jumanne ya mvua,
Morwenna Tangye, mgawa barua, alipotueleza
kuwa itale tuliyojengea lina kitu kinachooza polepole,
na pumzi ya kuoza huko ni gesi, radoni.
Haina rangi, haina harufu, haibishi hodi.
Hupanda kwa nyufa za sakafu, ikajilaza ndani
na wenye nyumba.
Bwana Hosking akauliza, "Na bei za nyumba?"
Mtu akamimina chai.

Baridi ikaingia. Nikasokota magazeti,
nikayasukumia pembezoni mwa madirisha.
Usipoziba ufa, nilimwambia, utajenga ukuta.
Akaipenda. Akaikariri kwa ulimi wa Kikornwall
mpaka "ufa" ukawa "yufa", tukacheka wote wawili.

Kikopo cha chumbani kilikaa ubavuni mwa picha ya Loveday,
mkewe, ambaye hakuvuta sigara hata moja,
aliyefundisha watoto kinanda kila Alhamisi,
aliyeondoka kwa mapafu, mwaka wa sita huu.
Asubuhi moja nikaikuta picha imegeukia ukutani.
Kikopo hakisogezwi.
Picha ndiyo aliyoisogeza.

Hapo nikajua hakuwa akikihofia kifua chake.

Machi, barua. "Isome wewe."
Niliisoma kwanza kimoyomoyo, kwa lugha yangu,
nione kama itapungua.
Sebuleni, bekereli mia nne na kumi.
Chumbani, elfu moja mia moja na arobaini.
Zikizidi mia mbili, wanasema, chukueni hatua.
Haikupungua.

"Chumba kile nilimchagulia mimi," akasema.
"Kilikuwa na joto. Dirisha nililiziba kwa mkono huu
asipigwe na upepo."

"Barua haijui nani aliugua kwa nini, Denzil."

"Najua haijui."

Basi magazeti yangu, na mkono wake kabla yangu,
vyote viliziba ufa usio wenyewe.

Vijana wawili walitoka Redruth na mashine ya kutoboa.
Wakachimba chini ya sakafu shimo la kadiri ya ndoo,
wakapitisha bomba hadi nje, wakafunga feni.
Hosking alisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni.
Akauliza gharama. Akaondoka bila kuaga.
Wiki ya pili nikaona kikopo cheusi nyumbani kwake,
kimewekwa dirishani, mahali pasipofaa kabisa.
Nikagonga kioo, nikamwonyesha kwa kidole: ndani, ndani zaidi.

Feni inanguruma usiku kucha.
"Loveday angelalamika," Denzil asema,
na siku hizi husema huku akiitazama picha usoni.

Nyumba yangu ni ya kupanga, itale lilelile.
Mwenye nyumba hajajibu simu.
Kikopo nimekinunua mwenyewe, kiko juu ya kabati,
hatua mbili toka kitanda cha Shekue.
Zimebaki siku arobaini na moja.
Naamka saa tisa za usiku, dirisha nimeliacha wazi kidole kimoja,
nasikiliza mwanangu anavyovuta hewa,
anavyoitoa.